Boila Isiyozimika

Jumanne, Juni 3

Pritesh wa ghorofa ya pili ametuma ujumbe kwenye kundi la jengo: kila mwenye nyumba apime joto la sebuleni kwake kila siku na kuliandika, tuwe na ushahidi. Namba tu, kasema. Mimi namba tu siwezi, nikishika kalamu lazima niseme. Basi namba nitamtumia yeye kwa simu, na maneno nitayaweka humu.

Leo nyuzi ishirini na nane, madirisha wazi.

Maneno yenyewe ni haya. Jengo letu hapa Hayes, London, lina boila moja kubwa chini, kwenye chumba kilicho nyuma ya mapipa ya taka. Hiyo ndiyo inayopeleka maji ya moto nyumba zote, ya kuogea na ya kupasha vyumba. Mabomba yake yanapita kwenye dari za korido na chini ya sakafu zetu. Wakati wa baridi tunaishukuru. Lakini tangu mwezi wa tano kuna kitu kimekwama huko chini, na moto wa vyumba hauzimiki. Unazungusha kitufe ukutani mpaka mwisho, sakafu haina habari na wewe. Kuizima boila nzima kampuni inayosimamia jengo haitaki, inasema watu watakosa maji ya kuoga.

Mama anacheka. Alikuja mwezi wa nne kutoka Tanga kunitembelea, na begi lake nusu lilikuwa masweta. "Faridah, hili ndilo joto mnaloandikia barua? Waje kwetu Ngamiani mwezi wa pili, watatoka wanakimbia na shuka."

Jumatano, Juni 4

Ishirini na sita. Mvua. Mama kapika samaki wa nazi, na Elkana, jirani yetu Mkenya wa mlango wa pili, akagonga kuuliza kama kuna sherehe na yeye hajaalikwa. Kapewa sahani.

Jumatatu, Juni 9

Ishirini na saba.

Niseme na hili, maana linahusu. Kazi yangu ni kupanga vyakula vya abiria kwenye trei, katika ghala lililo karibu na uwanja wa ndege. Chumba chetu ni cha baridi, nyuzi nne mwaka mzima. Nje watu wanatembea na kaptula, mimi ndani nimevaa jaketi nene, kofia na glavu mbili mbili. Nikitoka huko vidole havikunjiki. Kwa hiyo nikifika nyumbani nikivua viatu nikakanyaga ile sakafu ya moto, sitasema uongo, naona raha. Nakaa robo saa nzima nikipasha nyayo. Mama ananiletea chai na tunapiga soga hapo chini kama tuko barazani.

Wengine kwenye kundi wanalia kama wamechomwa. Watu wa nchi hii hawana subira na joto.

Jumamosi, Juni 14

Mkutano leo, hapo chini mlangoni. Meneja wa jengo alikuja mwenyewe. Mimi namwita Mama Samahani, kwa kuwa kila barua yake inaanza kwa kuomba samahani na inamalizika hajafanya kitu. Leo kaja na karatasi ya bei. Kutengeneza boila: pauni elfu moja na mia nane kila nyumba. Akiba ya jengo iliishia kwenye lifti mwaka jana. Bila saini za wenye nyumba walio wengi, kampuni haiagizi hata skrubu.

Watu wakaguna. Mimi nikasimama, nikamwomba anisomee, kitu kimoja kimoja, hizo pesa zinanunua nini. Akababaika, akamwita fundi wao aliyekuwa kando. Fundi akasema kilichokwama ni vali, ile inayofungua na kufunga njia ya maji ya moto kwenda vyumbani. Na kifaa kidogo kinachoiambia vali lini ifunge. Na pampu nayo imechoka kwa kuzunguka bila kupumzika. Nikamuuliza vali peke yake kiasi gani. Akamtazama bosi wake kabla ya kunijibu. Vali na kile kifaa havifiki hata elfu mbili, kwa jengo zima! Pampu nyingine elfu tatu. Zilizobaki ni kumwaga maji ya mabomba yote na kuyajaza upya, siku za mafundi, bima, na kitu wanachokiita usimamizi. Usimamizi maana yake ni Mama Samahani kuandika samahani.

Pritesh akasema tulipe. "Tusaini, tuandike kwamba tunalipa huku tunapinga, tugombane nao baadaye moto ukiwa umezimwa." Anazungumza taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Wahindi wa Kingsbury wana pesa, nikajisemea, ndugu zake wote wana maduka huko, yeye pauni elfu moja na mia nane hazimnyimi usingizi. Elkana akapaza sauti: "Hawa ni wezi! Tusitoe hata ndururu!" Nikampenda kwa hilo.

Nikasema: mimi mama yangu ameuza kanga miaka arobaini katika soko la Mgandini, Tanga. Najua bei ya kwanza ni nini. Bei ya kwanza ni ya kumpima mjinga. Tusisaini, tuwaache na boila yao, watarudi wenyewe. Joto halituui, sisi tumezaliwa nalo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Walio wengi hawakusaini.

Nilipanda ngazi kwa furaha nikamhadithia Mama. Alinifanya nirudie mara mbili sehemu ya fundi kumtazama bosi.

"Hapo ndipo bei ilipolala," akasema. "Sasa usigeuke nyuma. Mnunuzi akigeuka, kwisha."

Jumapili, Juni 15

Ishirini na nane. Nimempigia fundi mmoja wa Southall, mtaa wa jirani, kanipa bei nusu ya hiyo bila hata kuliona jengo. Nimeituma kwenye kundi. Elkana kajibu kwa vidole gumba sita.

Alhamisi, Juni 19

Thelathini ndani. Nje jua kali, hakuna upepo. Dirisha linafunguka upana wa kiganja tu, limewekwa chuma ili watu wasianguke.

Jumamosi, Juni 21

Thelathini na mbili. Nimekuta mkeka umekunjwa umesimamishwa ukutani. Kwetu mtu akizidiwa na joto hutandika mkeka kwenye sakafu ya saruji, ubaridi unapanda mgongoni, analala fofofo. Mama kajaribu hapa. "Sakafu ya watu hawa ni jiko," kasema, akacheka, nami nikacheka.

Hakula mchana. Kasema anaogopa kunenepa.

Jumatatu, Juni 23

Imepungua. Ishirini na nane. Mama kaamka mchangamfu, kanisuka.

Ijumaa, Juni 27

Thelathini na moja. Korido ni mbaya kuliko ndani, mabomba yako juu ya kichwa na hakuna dirisha hata moja. Ukifungua mlango wa nyumba inakupiga hewa kama unafunua sufuria ya ubwabwa.

Mama ananiuliza habari za kazini kila siku, jambo ambalo zamani hakuwa nalo. Hicho chumba kikoje. Kuta zake zina barafu? Mtu anaweza kukaa humo akiwa hana kazi? Leo kasema, "Nichukue siku moja unipeleke kwenye hiyo barafu yako, nikae pembeni, sitamsumbua mtu." Nikamwambia atavaa masweta yake yote na bado atatetemeka. Akasema atatetemeka kwa raha zake.

Jumapili, Juni 29

Thelathini na tatu. Nimemnunulia Mama feni. Inasukuma joto kutoka kona hii kwenda kona ile.

Jumatatu, Juni 30

Thelathini na nne!

Usiku wa jana nilisikia mngurumo upande wa Elkana, nikadhani ni gari nje. Asubuhi nikaona bomba nene jeupe limetokeza kwenye dirisha lake. Kanunua mashine ya kupoza hewa. Nilipokutana naye kwenye ngazi akasema, "Ni ya watoto tu, Faridah. Si unajua watoto wa huku hawana nguvu." Halafu akaongeza tukaze buti, tusilegee, Mama Samahani karibu anasalimu amri. Anayekaza buti ndani ya baridi ni yeye. Nilimjibu kwa adabu lakini niliingia ndani nimenuna.

Jumanne, Julai 1

Pritesh alikuja jioni na mtungi wa mtindi mwembamba wenye chumvi, kautengeneza mkewe Poonam. Baba yake Pritesh, marehemu, alizaliwa Tanga, alikuwa na duka la vyuma huko kabla ya kuja huku, kwa hiyo Pritesh ana Kiswahili chake cha dukani ambacho mwenyewe hukicheka.

Nilipofungua mlango Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi. Aliposikia sauti ya mwanamume aliamka upesi, akajifunga ushungi, akakaa wima. Sijui nguvu alizitoa wapi.

"Shikamoo, Mama," Pritesh akasema. "Mama iko salama?"

"Marahaba, mwanangu. Salama salimini. Joto gani hili, mbona hili kwetu ni la asubuhi."

"Baba alisema Tanga iko upepo ya bahari."

"Upepo upo. Lakini na hapa pazuri, tumepazoea. Hata tukikaa hivi mpaka mwaka kesho sisi hatuna neno."

Alimtazama usoni akitabasamu, tabasamu lake la sokoni ninalolijua tangu utoto. Pritesh naye alimtazama, akakaa kidogo, akaaga. Kwenye korido akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama hayuko sawa, midomo imekauka, na hizo dawa za presha alizoziona mezani zinamkausha zaidi. Akaniomba nisaini, wakisaini watu wa ghorofa yangu tu idadi inatimia.

Nilikasirika. Nikamuuliza tangu lini amekuwa daktari. Nikamwambia, kama amekuja kutafuta saini aseme, asimtumie mama yangu. Akasema, "Samahani, dada." Nikamfungia mlango.

Ndani Mama alikuwa ameshalala tena, ushungi umeanguka.

"Huyo ni mtu wao?" akauliza.

"Ni jirani tu."

"Anataka tulipe. Basi ni mtu wao. Muuzaji akishajua una shida, bei haishuki tena. Usimwambie mtu nimelala mchana."

Mtindi aliunywa wote kwa pumzi moja. Nilishangaa, Mama hapendi mtindi.

Jumatano, Julai 2

Ishirini na tisa. Mvua kidogo, kila mtu kwenye kundi anamshukuru Mungu wake.

Ijumaa, Julai 4

Wamerudi! Mama Samahani kaandika: kampuni imeipitia hesabu upya, sasa ni elfu moja mia nne na hamsini kila nyumba. Usimamizi umepungua, bima imeunganishwa, na kile kifaa wamekipata kwa bei nafuu, ajabu iliyoje. Kwenye kundi watu wananiita waziri wa fedha. Nimesoma barua ile kwa sauti nikiwa bado na jaketi la kazini.

Mama alikaa kitako. "Wameita! Si nilikwambia wataita? Sasa tembea hatua nyingine tatu."

Nikamwambia, Mama, labda inatosha. Nilikuwa na simu mkononi, ukurasa wa kusaini umefunguka, ni kubonyeza tu. Akaniangalia kama vile alivyoniangalia nilipokuwa msichana na nikauza doti ya kanga kwa bei ya mteja wa kwanza.

"Aliyeshuka mara moja ana nafasi ya kushuka tena. Sema elfu moja. Akikataa utarudi hapo hapo kwenye elfu moja mia nne na hamsini, haijaenda popote. Mambo ya sokoni niachie mimi, Faridah, nimezeekea huko."

Na mimi nilikuwa naitaka hiyo elfu moja. Hilo naliandika wazi, asije mtu akasema ni Mama peke yake. Ushindi ulikuwa mtamu na nilitaka mwingine. Nikaandika kwenye kundi: elfu moja, la sivyo hatusaini. Elkana kaweka moto wa kuchora.

Jumatatu, Julai 7

Ishirini na saba. Tunangoja jibu la kampuni.

Jumatano, Julai 9

Thelathini. Jibu bado. Mama ana tabia mpya: analowanisha kanga kwenye beseni, anaikamua, anajifunika nayo kichwani na mabegani. Nimekuta kanga nne zimeanikwa kwenye milango, zimekauka kama mbao. Nimemwambia anywe maji zaidi. Anasema akinywa anakwenda chooni kila saa, na magoti yake hayapendi safari hizo.

Alhamisi, Julai 10

Thelathini na tatu jioni. Nimeota nasaini, nikaamka nimeishika simu.

Ijumaa, Julai 11

Thelathini na tano. Sijui kama kipimo kimeharibika. Nimemwandikia Mama Samahani mwenyewe kuuliza jibu la elfu moja. Kajibu kwamba samahani, yuko likizo mpaka Jumatatu, mambo ya dharura tupige namba ya chini. Nimepiga namba ya chini. Dakika arobaini za muziki, kisha mwanamume mmoja akaniambia moto kuwaka si dharura, dharura ni moto kutowaka.

Mama kasema, "Usipige tena. Wataona umeshindwa." Lakini hakutabasamu. Alisema hivyo akiwa amefumba macho.

Nitasaini Jumatatu. Elfu moja mia nne na hamsini ni bei nzuri. Mama nitamdanganya kwamba walikubali elfu moja.

Jumanne, Julai 15

Naandika ya Jumamosi, maana sikuyaandika na nisipoyaandika nitaanza kuyabadilisha.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama amekaa kwenye kiti cha jikoni, miguu ndani ya beseni la maji. Alisema kichwa kinamgonga. Nikasema siendi kazini. Akasema nenda, hizo ni saa za Jumamosi, wanalipa vizuri, kaa ndani humu utafanya nini, utanipepea? Nikampa vidonge vya kichwa na jagi la maji. Nikalivuta pazia. Nikamwelekezea feni. Nikaondoka. Nilipofika kituo cha basi nilikuwa nimelowa jasho, na nilipoingia kwenye kile chumba cha baridi, Mungu anisamehe, nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Saa nne, wakati wa mapumziko, nilimpigia. Alipokea. Akaniuliza, robota limefika? Robota gani, Mama? La kanga, lile la Mombasa, wateja wamesimama hapa tangu asubuhi. Nikacheka. Nilidhani ananitania, au ametoka usingizini. Nikamwambia limefika, Mama, linakuja na mkokoteni. Akasema haya. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia, haya, na mimi nilikuwa nacheka.

Saa saba hakupokea. Nikapiga tena na tena. Nikampigia Elkana. Alipokea kukiwa na kelele za watoto na maji nyuma yake. Wamekwenda pwani, Brighton, tangu Ijumaa. "Pole sana, Faridah, huko kwa nyumba hakukaliki." Mtu wa kukaza buti.

Nikampigia Pritesh. Sikumwamkia, sikumwomba radhi kwa ule mlango, nilisema tu Mama hapokei simu. Alikuwa Kingsbury dukani kwa kaka yake. Akampigia mkewe. Poonam alipanda ghorofa tatu mbio, akagonga, akaita, akasikia feni tu. Ndiye aliyeita ambulensi. Zimamoto walivunja mlango. Mimi nilikuwa kwenye basi lililokwama kwenye foleni nyuma ya lori la vinywaji, nikashuka nikakimbia na jaketi langu la baridi mwilini, watu wananipisha njia wakidhani nina wazimu.

Nilifika wakimshusha. Lifti ilikuwa nzima, na hiyo ndiyo shukrani pekee ninayoweza kuiandika siku ile. Ngozi yake ilikuwa kavu. Nilimshika shavu nikadhani nimeshika chuma cha pasi. Macho wazi, lakini hayakuwa yananitafuta. Poonam alikuwa amemmwagia maji na kumfunika taulo zilizolowa.

Hospitali walimwekea barafu. Kwapani, shingoni, mapajani. Daktari kijana aliniambia joto la mwili wake lilipita arobaini na moja, na kwamba ile dawa ya presha ilimkausha, na kwamba wazee hawasikii kiu, na kwamba mwili wa mtu aliyezaliwa pwani ni mwili kama mwili mwingine. Hilo la mwisho nilimuuliza mwenyewe. Nilimwambia, lakini sisi tumezoea joto. Akanijibu kwa upole kabisa, akaniuliza huko kwenu nyumba huwa hazipati upepo? Usiku hazipoi?

Zinapata. Zinapoa.

Alifariki Jumapili kabla ya alfajiri. Nilimsomea Yasini nikakosea mara nyingi.

Pritesh alikuwa kwenye benchi la nje tangu jioni, na mfuko wa chapati alizotuma Poonam. Nilikaa karibu yake. Nilisema, uliniambia. Akatikisa kichwa. Akasema, kwa Kiswahili chake kile kile, "Mimi nilijua Mama inafanya nini ile siku. Baba yangu ilikuwa hivyo hivyo. Homa kali, yeye kwa kaunta anacheka, mteja asijue. Mimi ningesema kwa nguvu zaidi. Nimeona aibu."

Nilikuwa nimemweka mtu huyu kwenye kundi la waoga kwa mwezi mzima. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana, alinimegea chapati.

Jumatano, Julai 16

Boila imetengenezwa.

Walikuja saa mbili asubuhi, watu wawili, na kabla ya saa sita walikuwa wanapakia vifaa vyao. Sikuwa nimesaini, hakuna aliyesaini zaidi. Mama Samahani kaandika kwamba kwa kuzingatia msiba uliotokea kampuni itabeba gharama yote yenyewe. Kila nyumba sifuri.

Mama ameishusha bei mpaka sifuri. Nimeisoma barua hiyo nikiwa nimesimama jikoni, na nikapiga ukelele ambao sikujua kuwa ninao. Naichukia barua hiyo. Nakichukia kila kidole nilichopigia hesabu, na ninamkasirikia Mama, ndiyo, namkasirikia na hajazikwa bado, kwa nini hukuniambia? Mimi sikuwa mteja wako.

Jioni sakafu ilikuwa baridi. Nililala juu yake bila mkeka.

Ijumaa, Julai 18

Afisa wa serikali anayetoa vyeti vya vifo alitaka kwanza ajue sababu ya kifo, kwa hiyo maiti ilikaa siku tano, jambo lililoniumiza mno. Leo tumemzika. Watu wa msikiti walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Elkana alikuja na suti, akalia sana. Poonam alisimama mbali na wanawake wengine kwa kutojua mahali pake, nikamwita nikamshika mkono.

Jumapili, Julai 20

Kaka yangu Hamad kapiga simu kutoka Tanga. Kule matanga yamewekwa nyumbani Ngamiani, turubai mpaka barabarani, wali unapikwa. Nilikuwa nimemwambia Mama amefariki ghafla hospitalini, zaidi ya hapo sikuwa nimesema. Sasa watu wanauliza.

"Ilikuwa nini hasa?" kasema. "Wazee wananiuliza hapa, sina jibu."

"Joto," nikasema.

"Joto?"

"Joto la ndani ya nyumba. Lilimzidi."

Nilisikia masufuria na mtu anaitisha majani ya chai.

"Faridah. Mama huyu huyu? Aliyekuwa anakaa Mgandini juani kutwa na anakataa mwavuli? Joto, London?" Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayebembeleza siri. "Kama ni ugonjwa mbaya niambie. Kama kuna mtu alimfanyia kitu, niambie. Usinifiche, dada. Nikienda kuwaambia watu wale mama amekufa kwa joto Ulaya, watadhani tunawaficha jambo."

Nilianza. Nilimwambia kuna boila chini ya jengo. Nikamwambia kuhusu vali. Nikafika kwenye bei, kwenye elfu moja na mia nane, kwenye elfu moja mia nne na hamsini, kwenye yale aliyosema na niliyosema mimi, na nikaona kwamba nikimaliza hadithi hii Hamad ataielewa vizuri sana, kila hatua yake, maana naye alilelewa sokoni, na hatanisamehe, wala hatamsamehe yeye.

"Haloo?" akasema. "Sikupati. Boila ndiyo nini?"

"Waambie baridi," nikasema. "Ilimwingia kifuani."

Akashusha pumzi ndefu. "Sasa hapo umesema. Tangu mwanzo nilimwambia mama, usiende, baridi ya huko si yako." Nikamsikia akiwageukia watu, "Ni baridi, jamani. Baridi ya Ulaya," na watu wakaitikia, wanawake kwa wanaume, hee, baridi, masikini, tulijua. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mama mdogo. Akanipa pole. Akaniambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, huko nimekwenda mwenyewe na siku zangu bado zipo, nimlilie mama yangu lakini na mwenyewe nijitazame, nijifunike vizuri usiku, nifunge madirisha yote, nisije nikamfuata.

Nikamwambia, ndiyo, mama. Nitayafunga.